Daftari Letu na Ufunguo Wake



Katika Mkutano Mkuu ujao mtaletewa jambo la kulipigia kura ambalo wengi wenu huenda mkaliona dogo mbele ya khabari za vibarua, majamvi na bei ya makonyo. Kuna kampuni moja iliyotujia na kutaka kutupa tableti kumi pamoja na programu ya kuandikia mizani, majina ya wanachama na malipo yao. Misimu miwili ya mwanzo hatutalipa kitu. Baada ya hapo tutalipa kila mwaka. Khabari zetu zote zitakaa kwao, na zitasomeka kwa programu yao tu, ndani ya tableti zao tu. Kamati imegawanyika katika jambo hili, na afisi ya katibu imetakiwa kutoa maoni yake katika kurasa hizi. Twayatoa waziwazi: mpango huu, kama ulivyoandikwa hivi sasa, haufai kukubaliwa. Yatupasa tueleze kwa nini, asije mtu akasema kwamba katibu anaogopa mashine.

Mashine hatuziogopi. Sisi ndio tuliosimama mbele yenu na kuomba kompyuta ya kwanza inunuliwe, na tuliwaambia kwamba daftari la karatasi huliwa na mchwa. Tulisema kweli. Lakini hatukuwaambia kwamba daftari la kompyuta nalo lina mchwa wake, kwa sababu wakati ule hatukuwa tukimjua. Tumemjua baadaye, na tumemjua kwa hasara.

Wengi wenu mwakumbuka kwamba miaka sita iliyopita tulinunua programu ya hisabu kwa leseni ya kulipiwa kila mwaka. Msimu mmoja ukawa mbaya, kamati ikachelewa kulipa, na programu ikajifunga. Tulipopata fedha na kutaka kulipa tuliambiwa kwamba programu ile haiuzwi tena. Tukaambiwa tununue mpya. Tulipouliza kama hiyo mpya itasoma mafaili yetu ya zamani, jawabu likawa haiwezi. Basi hisabu za misimu mitatu zimo ndani ya kompyuta ile hata leo. Jina la faili twaliona, ukubwa wake twauona, tarehe yake twaiona, kulifungua hatuwezi.

Akaja mjane mmoja wa mwanachama, Mungu amrehemu mumewe, kudai akiba iliyokuwa ikikatwa kwa kila kilo ya karafuu za marehemu. Alikuwa na risiti za misimu miwili. Ya msimu wa tatu ilikuwa imeloa mvua, haina hata herufi moja ya kusomeka. Akatuuliza, "Wanangu, mliandika au hamkuandika?" Tukamjibu, "Tuliandika, mama." Akasema, "Basi someni." Hatukuweza kusoma. Ilibidi kamati ikusanye mashahidi, majirani wa shamba na msimamizi wa wachumaji, na mama yule akakaa miezi minne akingojea haki ambayo ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa tarehe na kwa kilo, ndani ya sanduku lililokuwa juu ya meza yetu. Kosa lile hatumtwishi mtu mwingine. Sisi ndio tuliotia saini mkataba bila ya kuuliza suala moja: siku tukiachana na watu hawa, daftari letu litasomwa kwa kitu gani?

Suala hilo ndilo tunalotaka kila mwanachama aende nalo mkutanoni.

Sasa tueleze jambo lenyewe kutoka mwanzo, na tuanze na tunachokijua. Kila mtu shambani aijua pishi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Mchumaji akitoka shamba hili akenda shamba lile, pishi ni ile ile, na pasipokuwa hivyo huzuka ugomvi kabla ya jua kuchwa. Kadhalika kilo. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia saini mapatano huko Paris ili vipimo vya urefu na uzito viwe vimoja, na leo kilo ya Wete ndiyo kilo ya Bombay na ndiyo kilo ya Hamburg. Kilo haina mwenyewe. Hapana kampuni inayoweza kukwambia kwamba kilo ni yake na usipolipa mwaka huu hutapima. Mwenye mizani aweza kukuuzia mizani, nzuri au mbaya, ya bei kubwa au ndogo, lakini kipimo chenyewe ni cha watu wote. Ndiyo sababu ukishuku mizani ya mtu waweza kupima tena katika mizani nyingine.

Hicho ndicho kiitwacho kiwango cha wazi. Watu wamekubaliana namna moja ya kufanya kitu, wameiandika, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuitumia. Sasa mtu akikuletea mizani ambayo namba zake huzisoma yeye peke yake, utamwambiaje? Utamwambia achukue mizani yake aende zake, hata kama ni ya dhahabu. Basi programu inayoandika khabari zako kwa namna ambayo mwenye programu peke yake ndiye anayeijua, ni mizani ya namna hiyo hiyo.

Mambo haya si ya watu wa mbali. Wenye simu wote mwakumbuka jinsi fedha za simu zilivyokuwa hapo kwanza. Ukimpelekea fedha ndugu yako aliye katika mtandao mwingine, hazikuingia katika simu yake kama fedha. Alipata maandishi yenye namba za siri, akaenda kwa wakala kuzitoa. Mwaka 2014 makampuni ya simu ya Tanzania yalianza kuunganisha huduma zao, Tigo na Airtel wakiwa mbele na Zantel wakifuata, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Tangu hapo fedha huvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Makampuni yalibaki yakishindana kama kawaida, wala hapana hata moja iliyokufa kwa sababu ya kukubaliana. Aliyepata nafuu ni mwenye simu.

Chukua tena chaja. Katika nyumba moja palikuwa na waya wa simu ndogo, waya wa simu kubwa, waya wa tochi, na kila mmoja na ncha yake, na mgeni akija simu yake ikizimika huzunguka kijiji kizima akitafuta chaja. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria mwaka 2022, na tangu tarehe 28 Disemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko zenye kutiwa moto kwa waya hazina budi ziwe na tundu la namna moja liitwalo USB-C. Kampuni ya Apple, iliyokuwa ikitumia tundu lake la peke yake katika simu zake tangu mwaka 2012, ilianza kuliacha katika simu hizo mwaka 2023. Sheria ni ya Ulaya, lakini viwanda havipendi kutengeneza simu za namna mbili, kwa hivyo faida yake hufika hata katika maduka yetu. Sisi twaona ile ni sheria ya busara. Wapo waliosema kwamba yazuia watu kubuni vitu vipya. Huenda pakawa na ukweli kidogo, kwa maana kiwango kikikaa sana huchakaa. Lakini kiwango huweza kubadilishwa kwa mashauri, hali ya kuwa nyaya arubaini zilizojaa katika droo hazibadiliki kuwa kitu cho chote isipokuwa takataka.

Ama intaneti, huko ndiko funzo letu kubwa liliko. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha wataalamu kiitwacho CERN karibu na Geneva, alitoa shauri la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Shauri lile ndilo lililozaa wavuti, yaani kurasa hizi tunazozifungua kila siku. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN walitangaza kwamba programu za wavuti ni za watu wote, bila ya malipo. Mwaka uliofuata Berners-Lee aliunda baraza liitwalo W3C, ambalo kazi yake ni kuandika viwango vya wavuti, na mwaka 2004 baraza lile liliweka kanuni kwamba viwango vyake vitumike bila ya mtu kudaiwa ada ya hati ya uvumbuzi. Angalieni matokeo yake. Ukurasa ulioandikwa kwa kufuata viwango vile hufunguka katika simu ya bei ndogo ya kijana wa Konde na katika kompyuta ya tajiri wa London, na mwandishi wake hana haja ya kujua nani ana mashine gani. Hata kurasa za miaka ya mwanzo, zilizoandikwa kwa njia nyepesi, hufunguka hata leo.

Ama walioacha viwango, wao pia wametuachia mazingatio. Kwa miaka mingi palikuwa na programu iitwayo Flash, mali ya kampuni moja, na watu wengi waliijengea kurasa zao kwa kuwa ilikuwa ikipendeza. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya Adobe, mwenye mali ile, iliacha kuihudumia. Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini ilikuwa bado ina fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash, hata ikalazimika, Januari 2021, kutoa kivinjari chake yenyewe ili watu waweze kuzijaza fomu zile. Na hiyo ni Serikali yenye wataalamu na fedha. Chama cha wakulima wa karafuu kingefanya nini?

Korea ya Kusini, nchi inayotuuzia simu na televisheni, ilipatwa na jambo kama hilo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo ya benki na ununuzi kwa intaneti yalifungamana na kipande cha programu ya Microsoft kiitwacho ActiveX, ambacho kilifanya kazi katika kivinjari cha Internet Explorer. Kwa miaka mingi mwenye kompyuta ya aina nyingine alipata taabu kubwa hata kulipa fedha zake mwenyewe. Internet Explorer chenyewe Microsoft walikistaafisha Juni 2022. Wakati kilipotawala dunia, mtu akisema kwamba siku moja kitaondoka alikuwa akichekwa.

Twasema haya kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati, mtu tunayemheshimu, alitwambia, "Kampuni hii ni kubwa, haiwezi kufa." Twamwomba akumbuke Nokia. Nani kati yetu hakuwa na Nokia? Ilikuwa ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kuuza simu, na hata hivyo kabla ya mwaka 2014 kumalizika kazi yake ya simu ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa Microsoft. Ukubwa si dhamana. Mkarafuu mkubwa nao huanguka, na ukianguka huangukia kilicho chini yake.

Sasa tuseme neno juu ya programu huria, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Programu ni maandishi. Mtaalamu huandika amri, na kompyuta huzifuata. Katika programu za kufungwa maandishi yale hufichwa, nawe wapewa mashine iliyopikwa tayari. Katika programu huria maandishi yako wazi, na leseni yake yakuruhusu kuitumia kwa kazi yo yote, kuyasoma maandishi yake, kuyabadilisha, na kumpa mwenzako. Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianza harakati hizi mwaka 1983. Katika mambo yaliyomtia uchungu ni printa. Katika chuo alikokuwa akifanya kazi waliletewa printa mpya iliyokuwa ikikwama karatasi. Yeye alikuwa na ujuzi wa kuitengenezea njia ya kuwajulisha watu inapokwama, lakini alinyimwa maandishi ya programu yake. Mtu mwenye ujuzi, mbele ya mashine mbovu, akakatazwa kutengeneza. Kila aliyewahi kuwa na mashine ya kukatia majani ambayo kipuri chake hakipatikani ataielewa hasira ile.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa Linux, na watu wa nchi nyingi wakaiendeleza. Wengi wenu mwaitumia bila ya kujua, kwani simu za Android zimejengwa juu ya Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Basi mtu akikwambia kwamba vitu vya wazi ni vya watu masikini wasioweza kununua, mwambie atazame kilichomo katika mfuko wake wa koti.

Nasi Waswahili tumo katika khabari hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa kwa Kiswahili programu ya afisi ya OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo ihisabu kama wasemaji wa Kiswahili watailipa faida. Maandishi yalikuwa wazi, wakayachukua, wakayatia lugha yao. Mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice kutoka katika ukoo ule ule, nayo ndiyo tunayoitumia kuandikia gazeti hili.

Kuna jambo jingine, na hili lawahusu khasa wazee wetu. Wapo wanachama ambao majina yao na ya mashamba yao huyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa chuoni, na kama tulivyofundishwa sisi kabla ya kwenda skuli. Programu ile ya zamani ilizigeuza herufi hizo kuwa visanduku vitupu. Mzee mmoja alitazama kioo akatuuliza kwa nini tumemzika kabla ya kufa. Lakini hapakuwa na haja ya visanduku vile. Tangu mwaka 1991 dunia ina kiwango kiitwacho Unicode, ambacho kila herufi hupewa namba yake, na herufi za Kiarabu zimo, pamoja na zile za ziada kama pe na che ambazo Kiswahili chazihitaji. Mwenye programu akifuata kiwango kile, jina la mzee husomeka hapa, na Maskat, na popote. Asipolifuata, ni kwa uvivu wake au kwa kutotujali.

Sasa tuyatazame ya upande wa pili, kwa maana haifai kusema ya upande mmoja.

Kwanza wasema kwamba cha bure hakina dhamana. Ni kweli kwamba programu huria nazo hupatwa na ubaya. Aprili 2014 lilitangazwa kosa lililoitwa Heartbleed katika programu huria ya OpenSSL, inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti. Kosa lile lilikaa ndani kwa muda wa miaka miwili hivi bila ya kutambuliwa. Maandishi yalikuwa wazi, lakini waliokuwa wakiyaangalia walikuwa wachache mno, na wengi wao wakijitolea. Dunia nzima ilikuwa ikichota katika kisima kile na hapana aliyekumbuka kukisafisha. Funzo lake ni kwamba mlango wa wazi haufai kitu kama hapana anayepita kuangalia. Lakini dawa ya kisima kichafu ni kukitunza. Kumpa mtu mmoja ufunguo wa kisima hakukisafishi maji.

Pili wasema kwamba hatuna watu wenye ujuzi. Hili lina nguvu zaidi, wala hatulikatai. Programu huria haina ada ya leseni, lakini ina gharama ya kujifunza, ya kuitunza, na ya kuweka nakala. Anayewaambia kwamba ni bure kabisa anawadanganya. Shauri letu ni kwamba sehemu ya fedha ambazo tungelipa kwa leseni kila mwaka itengwe kwa kuwafundisha vijana wawili wa wanachama, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Leseni ikilipwa hupotea pamoja na mwaka wake. Kijana akifundishwa hubaki kwetu. Na hata akihama kutafuta maisha, huwa amekwisha kumfundisha mwenzake.

Tatu wasema kwamba tableti kumi za bure si kitu cha kukataa. Hapa twaomba wazee watusaidie, maana wao wanakumbuka zaidi yetu khabari za mkulima kukopeshwa fedha wakati wa njaa na kutakiwa kulipa kwa karafuu zilizo bado mtini. Fedha ile ilikuwa tamu siku ya kupokelewa. Hatusemi kwamba kampuni hii ina nia mbaya. Hatujui yaliyomo moyoni mwa mtu. Twasema tu kwamba misimu miwili ikipita, na majina yetu na mizani yetu na madeni yetu yote yamo kwao, bei watakayoitaja mwaka wa tatu hatutakuwa na uwezo wa kuikataa. Mwenye kuweza kuondoka ndiye mwenye kuweza kupatana bei.

Nne, na hili ni la vijana, wasema kwamba siku hizi kila kitu ni programu ya simu, na kurasa za wavuti zimepitwa na wakati. Sisi hatuoni hivyo. Simu nyingi za wanachama wetu ni ndogo, zimejaa picha za harusi na sauti za mawaidha, na kila programu mpya yataka nafasi na yataka bando la kuisasisha. Ukurasa mwepesi hufunguka katika kivinjari kilichomo tayari. Mwanachama akitaka kujua kilo zake, afungue, asome, afunge. Tena twakiri kwamba hata sisi twatangaza mikutano kwa kundi la WhatsApp, na ni njia nyepesi. Lakini asiyekuwa na WhatsApp hapati khabari mpaka aambiwe na jirani. Barua ya intaneti na ujumbe wa kawaida wa simu havimbagui mtu kwa kampuni aliyoichagua, na ndiyo sababu twaendelea kuvitumia vyote na kubandika karatasi mlangoni.

Basi twashauri nini? Hatushauri kampuni ifukuzwe. Twashauri iambiwe masharti yetu, na yaandikwe katika mkataba:

Kwanza, khabari zote za mizani, majina na malipo ni mali ya chama, wala haziuzwi wala haonyeshwi mtu mwingine bila ya idhini ya chama.

Pili, kila mwisho wa mwezi afisi ipewe nakala kamili kwa namna iliyo wazi. Yatosha jaduweli ya maandishi matupu ambayo kila neno hutengwa na jingine kwa alama ya mkato, iitwayo CSV, au faili la ODF, ambalo ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006. Nakala moja ikae afisini, moja ikae mahali pengine, na mwisho wa msimu ichapwe kwenye karatasi pia. Karatasi hatujaiacha.

Tatu, mwanachama aweze kuona hisabu yake kwa kivinjari cho chote na kwa simu yo yote, kwa Kiswahili.

Nne, majina yakubalike kwa herufi za Kiarabu kama yanavyokubalika kwa za Kirumi.

Tano, kabla ya kutia saini pafanywe jaribio mbele ya kamati. Iandikwe mizani ya watu ishirini katika tableti yao, itolewe nakala, na ifunguliwe katika kompyuta yetu kwa LibreOffice bila ya wao kugusa kitu. Ikifunguka na hisabu zikalingana, tutajua. Isipofunguka, tutajua pia.

Kampuni ikikubali matano haya, sisi wenyewe tutanyosha mkono kuunga. Ikikataa, twaomba muulize kwa nini mtu anayesema anatuhudumia hataki tuweze kusoma daftari letu bila yeye. Na mpango ukianguka hatutabaki mikono mitupu. Jaduweli ya LibreOffice tunayoitumia sasa haina madoido, yataka mkono wa kuijaza na jicho la kuihakikisha, lakini imebeba misimu miwili iliyopita na hapana mwanachama aliyekuja kudai tukashindwa kumsomea.

Mwenye maoni mengine atuletee kabla ya mkutano, nasi tutayachapa hapa yote, hata yanayotupinga. Mafaili yale matatu yaliyofungwa hatujayafuta. Kijana mmoja wa Chake Chake, aliyesoma kompyuta, amejitolea kujaribu kuyafungua katika siku zake za mapumziko. Akifaulu, jambo la kwanza tutakalotafuta ni jina la marehemu yule, ili mama aonyeshwe hisabu ya msimu wa tatu, aone kama fedha alizolipwa kwa ushahidi wa majirani zilitimia au zilipungua. Zikiwa zilipungua, chama kitamlipa kilichobaki.

Wassalaam,

Katibu